DVD Zilizosimama Njiani: Namna ya Kutafuta Kosa Unapochoma Faili la ISO



Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze jambo dogo la ofisini ambalo limetugharimu siku mbili za kazi, nauli na muda wa watu waliotusubiri. Tulikwenda katika usharika mmoja wa milimani kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta sita zilizotolewa msaada. Kompyuta hizo zilikuwa zikitumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Tulichagua mfumo wa Debian kwa sababu hautozwi fedha, na pia DVD yake ya kwanza hubeba programu nyingi kiasi kwamba kompyuta huweza kuwekewa mfumo bila kuunganishwa na intaneti. Mtandao wa kule hupatikana ukipanda kilimani nyuma ya shule, hivyo DVD ndiyo iliyotufaa.

Tulibeba DVD sita. Zote ziliwaka vizuri, zikauliza lugha, zikaanza kazi, kisha zikasimama. Zote zilisimama mahali pale pale. Tukalaumu diski. Mwenzetu mmoja akateremka mjini kwa pikipiki, akanunua pakiti nyingine kwenye steshenari, na usiku ule tukachoma upya. Asubuhi watunza hazina walikusanyika kwa mafunzo, na DVD mpya nazo zikasimama mahali pale pale. Mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri alituuliza kwa upole arudi lini. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Tuliporudi ofisini tuligundua kuwa diski hazikuwa na kosa. Faili tulilokuwa tunachoma ndilo lililoharibika wakati wa kupakuliwa. Ukaguzi wa dakika chache ungetuambia hivyo kabla hatujapanda gari. Tunaandika haya ili kamati nyingine zisirudie safari yetu.

Faili la ISO ni nini?

Faili la ISO ni nakala ya diski nzima iliyowekwa ndani ya faili moja. Jina hilo limetokana na kiwango kiitwacho ISO 9660, kilichotolewa mwaka 1988 na Shirika la Kimataifa la Viwango ili kueleza jinsi mafaili yanavyopangwa kwenye CD. Ndani ya faili la ISO hakuna mafaili peke yake. Kuna pia mpangilio wa diski wenyewe, pamoja na sehemu ya mwanzo inayoiambia kompyuta ianzie wapi inapowashwa.

Kuchoma faili la ISO, basi, ni kuutandaza mpangilio ule juu ya diski tupu, kipande kwa kipande. Leza ya draivu hupasha joto rangi maalumu iliyo ndani ya diski na kuacha alama ambazo baadaye zitasomwa. Kwa DVD-R na DVD+R alama hizo hazifutiki. Ukikosea, diski hiyo imekwisha.

Kosa linalotokea zaidi: kunakili badala ya kuchoma

Watu wengi huchukua faili la ISO na kulivuta kwenda kwenye DVD kama wanavyofanya na barua au picha. Kompyuta haikatai. Huliandika faili, hutoa diski na kusema kazi imekamilika. Lakini ukifungua DVD hiyo utaona faili moja tu lenye mwisho wa .iso. Kompyuta haiwezi kuwaka kwa diski hiyo, na deki ya DVD haitaonyesha chochote. Ni sawa na mtu aliyeombwa apande mahindi shambani, akaliweka gunia zima katikati ya shamba bila kulifungua.

Kuanzia Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, Windows ina programu yake ya kuchoma faili la ISO. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua "Burn disc image". Katika Windows 11 huenda ukalazimika kwanza kuchagua "Show more options". Windows XP na Windows Vista hazina uwezo huu, hivyo zinahitaji programu ya pembeni. Kwenye kompyuta za Linux zipo Brasero na K3b.

Ukimaliza, ifungue DVD. Ukiona mafolda na mafaili mengi, umechoma. Ukiona faili moja la .iso, umenakili tu.

Aidha, jihadharini na swali ambalo Windows huuliza ukiingiza diski tupu: kama unataka itumike kama flashi au ichezwe kwenye deki. Diski iliyoandaliwa kama flashi husomeka kwenye kompyuta, lakini deki nyingi za nyumbani haziitambui. Kwa filamu za mafunzo zitakazoonyeshwa kwenye deki ya usharika, kosa hili limetukuta zaidi ya mara moja.

Ukubwa: je, faili linaenea?

DVD ya kawaida yenye safu moja huandikwa 4.7 GB. Watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa namna nyingine, ambapo gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo DVD ileile ya 4.7 GB huonekana kwenye Windows kuwa na takriban 4.37 GB tu. Hakuna aliyekuibia. Ila faili ambalo Windows inasema lina 4.5 GB halitaingia, hata kama ganda la diski linasema 4.7.

Faili likizidi hapo, ipo DVD ya safu mbili yenye nafasi ya 8.5 GB, ambayo huwa na herufi DL. Diski hizi ni ghali zaidi, si kila draivu inaweza kuziandika, na draivu za zamani husumbuka leza inapohama kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili. Mifumo ya siku hizi imekuwa mikubwa. Kwa mfano, faili la Ubuntu 24.04 la kompyuta za mezani linazidi 5 GB na haliingii kwenye DVD ya kawaida.

Lipo pia tatizo linalofanana na hilo ambalo hutokea kabla ya kufika kwenye DVD. Flashi nyingi huja zikiwa zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia 4 GB kwa hesabu ya Windows. Flashi inaweza kuwa na nafasi ya 32 GB na bado ikakataa faili la 4.3 GB. Dawa yake ni kuiandaa upya flashi kwa mfumo wa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kuiandaa upya hufuta kila kitu.

Faili lililoharibika njiani

Hapa ndipo tuliposhindwa sisi. Faili la gigabaiti kadhaa likipakuliwa kwa mtandao unaokatika-katika, huweza kufika likiwa pungufu au likiwa na kipande kilichoharibika. Jina litakuwa sawa, na pengine hata ukubwa utakuwa sawa. Kwa macho hutaona tofauti.

Watoaji wa mifumo kama Debian huweka karibu na faili lao namba ya uhakiki iitwayo SHA256. Namba hii ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili lote. Baiti moja tu ikibadilika, namba nzima hubadilika. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri katika folda yenye faili, kisha andika:

certutil -hashfile jina.iso SHA256

Mahali pa jina.iso weka jina la faili lako. Kwenye Linux andika sha256sum, nafasi, kisha jina la faili. Subiri dakika chache. Linganisha namba utakayopewa na ile ya mtoaji, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo lisichomwe. Lipakuliwe upya.

Fanyeni ukaguzi huu tena baada ya kuhamisha faili kwa flashi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Flashi iliyochomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika nayo huharibu faili.

Diski, draivu au faili: nani mwenye kosa?

Tumejifunza kanuni moja ambayo sasa tumeibandika ukutani. Diski zote zikikosea mahali pale pale, kagua faili. Kila diski ikikosea mahali pake, kagua diski zenyewe, draivu au umeme. Diski iliyokataa kwenye mashine moja ikifanya kazi kwenye nyingine, kagua mashine ile iliyoikataa. Kanuni hii haimalizi kila kitu, lakini inaokoa fedha ya kununua pakiti nyingine bila sababu. DVD zetu sita zilituambia ukweli tangu dakika ya kwanza. Sisi ndio hatukusikia.

Ikiwa faili ni zima na makosa bado yanatokea, kagueni yafuatayo.

Kwanza, draivu ina uwezo wa kuandika DVD? Kompyuta nyingi ndogo za miaka ya 2000 zilikuwa na draivu inayosoma DVD lakini inayoandika CD peke yake. Soma alama iliyo mbele ya draivu. Ikiwa na neno DVD-ROM, au ikionyesha kwamba ni CD tu inayoandikwa, draivu hiyo haitachoma DVD hata ubadilishe programu mara kumi.

Pili, aina ya diski. Kuna DVD-R na DVD+R. Draivu nyingi za baadaye huandika zote mbili, lakini baadhi ya za zamani huandika aina moja tu. Kwa deki za zamani, DVD-R mara nyingi ndiyo inayopokelewa vizuri zaidi. DVD-RW hufutika na kuandikwa tena, hivyo inafaa kwa majaribio ya ofisini, lakini deki nyingine haziisomi.

Tatu, kasi. Kuchoma kwa kasi ya mwisho kwenye diski za bei rahisi huongeza makosa. Kwa kasi ya 4x, DVD iliyojaa huchukua takriban robo saa. Kasi ya 4x hadi 8x inafaa kwa kazi nyingi. Programu ya ndani ya Windows haikuulizi kasi unapochoma faili la ISO, hivyo anayetaka kuipunguza atumie programu nyingine kama ImgBurn. Programu hiyo haitozwi fedha, na toleo lake la 2.5.8.0 lilitoka mwaka 2013. Wakati wa kuiweka, soma kila ukurasa kabla ya kubofya, kwa sababu baadhi ya nakala zake huambatana na programu nyingine usizozihitaji.

Nne, ujumbe wa "Power Calibration Error". Kabla ya kuandika, draivu hupima nguvu ya leza yake kwenye sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kipimo kikishindikana, ujumbe huu hutokea. Jaribu diski ya aina nyingine na kasi tofauti. Ukiendelea kuuona kwa kila diski, huenda lenzi ina vumbi au leza imechoka.

Tano, umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, DVD-R imeharibika. Kompyuta ya mezani iwe na betri ya akiba, na kompyuta ndogo iwe imejaa chaji. Draivu za nje zinazochomekwa kwa waya wa USB huhitaji umeme wa kutosha. Ndiyo maana baadhi huja na waya wenye vichwa viwili. Chomeka vyote viwili moja kwa moja kwenye kompyuta. Usipitishe kwenye kigawio cha USB.

Sita, kazi nyingine. Wakati wa kuchoma, draivu hupokea data mfululizo. Draivu nyingi zina kinga ya kusubiri data ikichelewa, lakini kompyuta dhaifu isilazimishwe kufanya kazi nyingine kwa wakati huo. Hamishia faili kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi.

Imechomeka vizuri lakini haifunguki

Wakati mwingine diski haina kosa na tatizo liko upande wa kompyuta inayoipokea. Ikiwa kompyuta inaendelea kufungua mfumo wake wa zamani, maana yake haijaambiwa ianzie kwenye DVD. Iwashe upya na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia. Kitufe hicho hutofautiana kwa kila kampuni. Mara nyingi ni F12, F9 au Esc.

Kompyuta za zamani sana zina kichakato cha biti 32. Diski ya biti 64 haitafanya kazi humo hata ikichomwa kwa ustadi gani. Hili ni muhimu sasa, kwa sababu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena diski ya kuweka mfumo kwenye kompyuta za biti 32. Kabla ya kupakua, ulizeni kwanza kompyuta za usharika ni za aina gani.

Utunzaji nao una sehemu yake. Data ya DVD imo katikati ya tabaka mbili za plastiki zilizogundishwa, nayo rangi yake huharibiwa na jua na joto. Diski isiachwe kwenye dashibodi ya gari. Isibandikwe karatasi, kwa kuwa karatasi hufanya izunguke bila uwiano. Iandikwe kwa kalamu laini ya wino, si kwa kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu. Ikichafuka, ifutwe kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Utaratibu tunaoufuata sasa

1. Tunauliza usharika aina ya kompyuta au deki itakayotumika.
2. Tunapakua faili na kulinganisha namba ya uhakiki. Anayelinganisha na anayeshuhudia ni watu wawili.
3. Tunaangalia ukubwa wa faili dhidi ya nafasi ya diski.
4. Tunachoma diski moja tu kwa kasi ya kati, na kuweka alama kwenye kisanduku cha "Verify disc after burning", ili kompyuta isome tena ilichoandika na kukilinganisha na faili.
5. Tunaijaribu diski hiyo hadi mwisho kwenye mashine nyingine, ikiwezekana iliyo ya zamani kuliko zote ofisini.
6. Ikikubali, ndipo tunachoma zilizobaki, na kila moja inahakikiwa.
7. Tunaandika kwenye daftari tarehe, jina la faili, aina ya diski, kasi na usharika unaopelekewa.
8. Tunabeba pia flashi moja iliyoandaliwa kwa kazi hiyohiyo, maana kompyuta nyingi mpya hazina sehemu ya diski kabisa.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa inachukua muda na kwa macho kazi inaonekana imekwisha. Trei ikifunguka na diski ikatoka, mtu hushawishika kuiweka kwenye bahasha. Kwetu sisi, DVD haijakamilika mpaka imesomwa hadi mwisho na mashine isiyoichoma.

Kwa kamati na wafadhili

Tunaziomba kamati za sharika zimteue mtu mmoja wa kupokea diski, kuzijaribu siku anayozipokea na kutupa taarifa mapema, si asubuhi ya semina. Diski iliyokataa isitupwe. Irudishwe ofisini pamoja na maelezo: ilisimama wapi, kwenye mashine gani, na nyingine zilisimama wapi. Maelezo hayo yana thamani kuliko diski yenyewe.

Kwa wafadhili wetu, mtaona katika bajeti ya robo ijayo maombi ya draivu mbili za nje na diski za ubora mzuri. Ni kiasi kidogo. Tumeona ni haki mjue sababu yake, na pia mjue kuwa siku mbili tulizopoteza zilitokana na haraka yetu wenyewe, si na vifaa mlivyotupatia.

Tulirudi katika usharika ule wiki tatu baadaye, na diski tulizokuwa tumezijaribu moja moja. Kompyuta zote sita ziliwekewa mfumo kabla ya chakula cha mchana. Yule mama mtunza hazina alikuwa wa kwanza kuketi, akafungua daftari lake la mapato na kuanza kuingiza hesabu za mwezi. Hakutuuliza tena arudi lini. Alitaka kujua kama tutakaa hadi jioni, kwa sababu alikuwa na daftari jingine nyumbani.